Kunyoosha shafti ya mashine ya kusaga: pima kila hatua, ujue upindo umeingilia wapi

Mashine ya kusaga ya nyundo huzungusha shafti yake kati ya mara 2,800 na 3,500 kwa dakika. Mota ya kawaida ya mizunguko 1,440 yenye puli ya inchi 10, ikiendesha puli ya inchi 5 kwenye mashine, inaipa shafti mizunguko 2,880. Kwa kasi hiyo hata upindo usioonekana kwa macho una nguvu kubwa. Chukua rota (shafti ikiwa na sahani na nyundo zake) ya kilo 30 iliyohama katikati yake kwa milimita 0.1 tu: ikifika mizunguko 3,000 inazivuta beringi kwa nguvu ya karibu nyutoni 300, yaani uzito wa kilo 30 unaobadili upande mfululizo, mara 50 kila sekunde. Ukipunguza kasi kwa nusu, nguvu hiyo inashuka hadi robo. Kwa hiyo shafti ambayo ingevumilika kwenye mashine ya kukamua alizeti inayozunguka taratibu inaweza kuua beringi kwa haraka kwenye mashine ya unga.

Jambo linalopoteza fedha nyingi za wenye mashine, kuanzia Kizota jijini Dodoma mpaka Kongwa na Mpwapwa, ni kunyoosha bila kupima. Shafti inatolewa, inagongwa au inabanwa kwenye presi, inarudishwa, inatetemeka tena, kisha lawama inaangukia chuma. Lakini rota iliyofungwa inaweza kuyumba kwa sababu shafti yenyewe imepinda, au sahani zimekaa upande, au puli imesukumwa na kii (kipande cha chuma kinachoifunga puli kwenye shafti), au shafti ni nyembamba kuliko tundu la beringi. Geji ya saa, inayopima kuyumba, ikisomwa shafti ikiwa peke yake, kisha baada ya kila kitu kinachoongezwa juu yake, tatizo linajitaja lenyewe. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Kwanza hakikisha kwamba ni shafti

Zima swichi kuu, ondoa fyuzi na ukae nazo mfukoni. Kwa injini ya dizeli, funga mafuta na uvue mkanda kabisa kabla hujaweka mkono kwenye rota. Rota nzito huendelea kuzunguka muda mrefu baada ya umeme kukatwa, kwa hiyo usifungue mfuniko mpaka isimame.

Mkanda ukiwa umevuliwa, rudisha fyuzi na uwashe mota peke yake. Ikitetemeka, tatizo liko kwenye mota au msingi wake, na shafti ya mashine haina hatia. Ikiwa imetulia, zima na utoe fyuzi tena, kisha kagua bolti za msingi. Kisha weka nondo fupi au mti mgumu chini ya shafti karibu na beringi, uinue kidogo. Ukisikia shafti inacheza juu na chini, beringi imekwisha, na hakuna kipimo cha shafti utakachokiamini mpaka ibadilishwe.

Baada ya hapo pima nyundo. Hatua hii hurukwa na wengi, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Nyundo zinazotofautiana kwa gramu 10 kwenye pini zinazotazamana, uzito wake ukiwa sentimita 20 kutoka katikati, zinaleta nguvu ya karibu nyutoni 200 kwa mizunguko 3,000. Hiyo ni theluthi mbili ya nguvu tuliyoitaja kwa rota iliyohama. Mtama na mahindi yaliyoanikwa chini huja na kokoto, kokoto hung'oa kona ya nyundo moja, na mwenye mashine hubadilisha hiyo moja tu. Toa nyundo zote, zipime kwa mizani ya dijitali, andika gramu kwa chaki juu ya kila moja. Jumla ya nyundo za pini moja na ile ya pini inayoitazama zisitofautiane zaidi ya gramu 5. Nyundo mpya ikiingia upande mmoja, upande wa pili nao upate mpya yenye uzito uleule, tena katika nafasi ileile ya pini.

Ukisharudisha nyundo zilizolingana na mashine bado inatetemeka hata bila nafaka, sasa shafti itoke.

Vifaa

Unahitaji geji ya saa yenye mistari ya 0.01 mm, ambayo mshale ukizunguka mara moja ni milimita 1, pamoja na stendi yake ya sumaku. Unahitaji maikromita ya 25 hadi 50 mm. Kalipa ya vernia haitoshi kwa kazi ya beringi. Pula ya kuvulia puli, spana za L, tupa laini, msasa namba 400, chaki, mafuta ya taa. Presi ya haidroli ikiwepo ni vizuri, lakini fremu imara yenye jeki ya tani 5 inafanya kazi ya shafti ya 40 mm bila shida, na hesabu yake iko chini.

Vitalu viwili vya V vinaweza kutengenezwa. Kata vipande viwili vya engo ya 50 × 50 × 6 mm, urefu wa sentimita 6 kila kimoja, vilaze mgongo chini ili vifungue mdomo juu kama herufi V, vichomelee kwenye vipande vya bamba nene. Viwe vimekatwa pamoja na kwa kimo kimoja. Paka tone la oili kwenye V ili shafti izunguke bila kurukaruka.

Kuitoa bila kuipinda zaidi

Shafti nyingi hupindia hapa. Puli iliyokwama ikipigwa nyundo ya kilo 5 kutoka upande mmoja, kipande cha shafti kinachotokeza nje ya beringi kinapinda kwenye kona ya beringi, mahali ambapo jicho halitagundua. Tumia pula. Ikigoma, weka mafuta ya taa kwenye njia ya kii, acha yalale usiku, kisha pasha puli kwa moto wa haraka ukiwa umefunika shafti kwa kitambaa chenye maji. Usigonge kamwe ncha ya shafti moja kwa moja: ukiiponda, tundu la senta, lile dogo lililo katikati ya ncha, linaharibika, na tundu hilo ndilo litakaloiongoza shafti kwenye mashine ya kukereza.

Beringi za aina ya UCP, zile zenye nyumba inayofungwa kwa bolti, hushikwa na skrubu mbili ndogo za spana ya L. Zikilegezwa, huacha vijishimo vyenye kingo zilizoinuka kwenye shafti. Piga tupa kingo hizo kwanza, maana ukilazimisha beringi kupita juu yake utakwangua mahali pake pote.

Kabla ya kuvua chochote, tia alama kwa senta panchi: nukta moja kwenye sahani na shafti upande wa puli, nukta mbili upande wa pili. Bila alama hizo, kulinganisha vipimo vya kabla na baada ni kubahatisha.

Kupima

Osha shafti kwa dizeli, ikaushe, ipitishe msasa kwa wepesi. Kisha iache kivulini mpaka ipoe yote sawasawa. Jua la Dodoma la saa saba mchana si la kupimia. Shafti ya mita moja yenye kipenyo cha 40 mm, upande mmoja ukiwa na joto la nyuzi 2 tu zaidi ya mwingine, inajikunja kama milimita 0.07 na kunyooka tena ikipoa. Fundi anayepima juani anaweza kunyoosha shafti isiyopinda.

Weka vitalu vya V chini ya sehemu mbili zinazokaliwa na beringi, na si kwenye ncha. Beringi ndizo zinazoamua katikati ya mzunguko, kwa hiyo vipimo vyote viwe kwa kuzirejelea. Ziba mwendo wa mbele na nyuma: weka kizuizi kwenye ncha moja, na gololi kati ya kizuizi na tundu la senta, ili shafti izunguke palepale.

Gawa uso wa ncha ya shafti kwa chaki kama uso wa saa: 12, 3, 6 na 9, kisha nusu zake, upate alama nane. Tia alama za vituo kila milimita 100 kwa urefu, ukikwepa njia ya kii. Geji isimame wima juu kabisa ya shafti. Ikiegemea upande haitasoma ukweli. Ibonyeze mpaka mshale uzunguke nusu, kisha weka sifuri. Zungusha polepole mzunguko mzima, andika pa juu kabisa na saa yake ya chaki, na pa chini kabisa. Zungusha mara ya pili. Mshale usiporudi palepale, kuna kitu kinacheza: stendi, kitalu au uchafu ndani ya V. Rekebisha kabla ya kuendelea.

Tofauti ya juu na chini tunaiita kuyumba. Kumbuka kwamba kuyumba ni mara mbili ya upindo: geji ikiyumba 0.24, katikati ya shafti imehama 0.12. Mafundi wanaochanganya hizi mbili hujikuta wameipinda shafti kuelekea upande wa pili kwa kiasi kilekile.

Kusoma namba

Tuseme shafti ina vituo saba kati ya beringi na umepata 0.01, 0.08, 0.16, 0.24, 0.17, 0.09, 0.01, na pa juu pote ni saa 3. Namba zinapanda kwa hatua sawa mpaka kituo cha nne kisha zinashuka kwa hatua sawa. Upindo ni mmoja, upo kituo cha nne, unatazama saa 3. Hiyo ndiyo shafti rahisi kunyoosha.

Namba zikipanda na kushuka kwa mviringo, bila kilele kikali, shafti imepinda taratibu kwa urefu mrefu. Kwa kawaida hiyo ni kazi ya joto: moto wa kuchomelea, au beringi iliyowahi kuungua. Pa juu pakiwa saa 3 kwenye kituo cha pili na saa 9 kwenye kituo cha tano, kuna mapindo mawili. Nyoosha lile kubwa kwanza, pima upya vituo vyote, ndipo uguse la pili. Vituo vya kati ya beringi vikiwa vizuri lakini ncha ya puli inayumba 0.40, hapo ujue puli iligongwa.

Mshale ukipanda mara mbili na kushuka mara mbili katika mzunguko mmoja, shafti haijapinda. Imelika na kuwa yai, mara nyingi mahali ambapo beringi ilizunguka juu ya shafti badala ya kuzunguka nayo. Presi haitasaidia, pima kwa maikromita kwenye pande mbili ili uthibitishe.

Kwa mashine ya mizunguko 3,000 tunashauri mipaka hii. Mahali pa beringi, kuyumba kusizidi 0.02. Mahali pa sahani na puli, 0.05. Ukipata kati ya 0.05 na 0.10 pale kati, iache kama rota ni ndogo na beringi zinadumu. Shafti iliyobanwa ili kupunguza 0.03 mara nyingi inatoka na mapindo mawili. Zaidi ya 0.10, inyooshwe. Upindo wa ghafla unaofika milimita 1 ndani ya urefu mfupi ni shafti ya kubadilisha.

Ufa kwanza, presi baadaye

Paka mafuta ya taa kwenye kona zote ambapo kipenyo kinabadilika, kwenye njia ya kii na mahali penye upindo. Acha nusu saa. Futa mpaka pakauke kabisa, kisha paka chaki ya unga. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Ukiuona, shafti hiyo imekwisha. Haichomelewi, hainyooshwi. Rota ikiachana na shafti kwa mizunguko 3,000, anayesimama mbele ya mashine akimimina mahindi ndiye anayekuwa hatarini.

Kwenye presi

Weka vitegemezi viwili, upindo ukiwa katikati yao na sehemu iliyoinuka ikitazama juu. Kati ya chuma na chuma weka vipande vya shaba au alumini. Geji ikae chini ya shafti, ikigusa mahali palepale panaposukumwa, na stendi yake ishike chuma kilekile kilichobeba vitegemezi. Ikishikwa kwenye nguzo ya fremu itasoma kunyumbuka kwa fremu pia, na utadanganyika.

Chuma hunyumbuka kwanza na kurudi. Kinabaki kimenyooka baada ya kuvuka kikomo cha kunyumbuka tu. Kikomo hicho kinaweza kukadiriwa. Kwa shafti ya 40 mm ya chuma laini, vitegemezi vikiwa na nafasi ya 500 mm, kikomo kinafikiwa shafti ikishuka karibu milimita 1.3, na inahitaji kama tani 1.3. Kwa chuma cha C45 au EN8, chenye kaboni ya wastani, ambacho ndicho kizuri kwa kazi hii, ni karibu milimita 1.9 na tani 1.9. Ukisogeza vitegemezi viwe 250 mm, nguvu inayohitajika inakuwa mara mbili na mshuko unakuwa robo, kwa hiyo kila pampu ya jeki ina athari kubwa zaidi. Tumia nafasi pana kadiri shafti inavyoruhusu. Kwa shafti ya 50 mm nguvu ni karibu mara mbili ya ile ya 40 mm, na jeki ya tani 5 huanza kufika mwisho wake.

Anza kwa kushusha mpaka chini kidogo ya kikomo, legeza, angalia kama geji inarudi sifuri. Ikirudi, mpangilio wako uko imara. Halafu ongeza 0.2 mm, legeza, soma. Ongeza tena 0.2, legeza, soma. Kuna pampu moja ambayo geji haitarudi sifuri; itabaki 0.02 au 0.03. Kuanzia hapo punguza nyongeza iwe 0.1, kwa sababu sasa sehemu ya kila nyongeza inabaki, na inazidi kukua. Usisukume kwa kishindo na usiiache ikiwa imebanwa ukaenda kunywa chai.

Ukikadiria umefika nusu ya safari, toa shafti na uipime upya kwenye vitalu vya V. Namba ya mwisho ni ile ya vitalu. Ya presi ni ya kukuongoza njiani. Saa ya chaki ikiwa imehama, mfano kutoka 3 kwenda 4, zungusha shafti kwenye presi ifuate saa mpya. Lenga kuishia na 0.03 upande uleule wa zamani, usivuke. Chuma kinachokunjwa kwenda na kurudi kinachoka, na ukiivusha mara mbili au tatu unakaribisha ufa kwenye njia ya kii.

Moto? Kuna mafundi hodari wanaopasha doa dogo upande ulioinuka. Doa likipoa husinyaa na kuivuta shafti. Inafanya kazi, lakini doa la chuma cha C45 likimwagiwa maji linakuwa gumu na kavu, na ufa huanzia hapohapo. Bila uzoefu huo, baki na presi ya baridi.

Shafti iliyonyooshwa baridi ilale usiku mzima kivulini, asubuhi ipimwe tena. Ikiwa imerudi kwa 0.02 au 0.03 hiyo ni kawaida. Ikirudi kwa nusu ya upindo, rudia mara moja. Ikirudi tena, agiza chuma kipya.

Kuchomelea na kukereza

Mahali pa beringi palipolika hujazwa kwa kuchomelea na kukerezwa upya. Kazi hii huokoa shafti na pia huipinda, maana mstari wa kuchomelea ukipoa husinyaa na kuivuta shafti upande wake. Anayezungusha shafti na kujaza mfululizo kuanzia upande mmoja ataipata imejikunja kama upinde. Piga mstari mmoja saa 12, wa pili saa 6, wa tatu saa 3, wa nne saa 9, kisha jaza nafasi zilizobaki kwa mtindo huohuo, ukiacha moto upoe kati ya mistari. Funika kwa majivu ipoe polepole. Baada ya hapo pima, nyoosha, ndipo ukereze. Ukikereza kabla ya kunyoosha, mahali papya pa beringi patakuwa na katikati tofauti na shafti nzima.

Kwenye mashine ya kukereza sisitiza shafti ishikwe kati ya senta mbili, na sehemu zote za beringi, sahani na puli zikerezwe bila kuitoa. Taya tatu za kishikio (chaki) kilichochakaa cha mashine ya kukereza zinaweza kuhama kwa 0.1 mm, na kila ukiigeuza shafti unaongeza kosa lingine juu ya la kwanza. Safisha matundu ya senta kwa kitambaa na dizeli. Chembe moja ya chuma ndani yake inatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Mahali pa beringi ya UCP 208 ni 40 mm: maikromita isome kati ya 39.975 na 40.000. Kwa UCP 209 ni 45 mm, kwa UCP 210 ni 50 mm, na uvumilivu ni uleule wa 0.025 kwenda chini. Hapa hakuna nafasi ya huruma. Skrubu za beringi hizi husukuma shafti upande mmoja wa tundu. Shafti ikiwa nyembamba kwa 0.10, inahama 0.05 na rota nzima inayumba 0.10 hata kama shafti yenyewe imenyooka kabisa. Kuweka kipande cha bati la soda kuziba pengo hilo ni kununua muda mfupi tu.

Kurudisha, geji ikiwa mkononi

Shafti ikiwa bado kwenye vitalu, weka sahani kwa alama zake na usome kuyumba kwa ukingo. Ikizidi 0.2 wakati shafti ni nzuri, sahani ndiyo yenye kasoro. Weka puli. Kii ijae pembeni lakini iache nafasi ya 0.1 hadi 0.2 mm juu yake. Kii inayogusa juu huinua puli upande mmoja. Soma ukingo wa puli na uso wake.

Funga pini na nyundo zilizopimwa, kisha laza rota juu ya reli mbili nyembamba zilizosawazishwa kwa pima maji. Sukuma kidogo uiache itulie. Ikisimama kila mara upande uleule ukiwa chini, upande huo ni mzito. Ongeza uzito mdogo upande wa juu mpaka isimame popote. Uzito wa nati na washa kwenye sahani hufaa, ukichomelewa baadaye mbali na shafti.

Funga nyumba za beringi kwenye fremu, kaza, kisha legeza bolti moja moja huku geji ikiwa juu ya nyumba. Ikiinuka zaidi ya 0.05, chini yake kuna pengo. Jaza kwa shimu. Bati la kopo la soda lina unene wa karibu 0.1 mm na hufaa hapa. Skrubu za beringi zote mbili zielekee saa ileile ya shafti ili zisiivute kwa mshazari.

Nyoosha puli mbili kwa uzi uliovutwa: uguse kingo nne kwa pamoja. Mkanda ukibonyezwa katikati kwa dole gumba ushuke karibu milimita 16 kwa kila mita ya umbali kati ya puli. Mkanda uliokazwa kama waya wa uzio hulemea beringi ya upande wa puli siku nzima.

Washa bila nafaka kwa dakika 15, simama pembeni na si mbele ya mdomo wa rota. Shika nyumba za beringi: mkono uvumilie sekunde chache. Ukishindwa kuushikilia kabisa, zima utafute grisi iliyozidi au mpangilio mbaya. Saga kwa saa moja, zima, kaza tena skrubu za beringi na bolti za msingi, soma geji kwenye shafti karibu na puli, na uandike namba hiyo kwa rangi kwenye fremu pamoja na tarehe. Weka sumaku mdomoni mwa hopa kabla msimu wa mavuno haujaanza kuleta foleni. Baada ya wiki ya kwanza ya kazi soma geji palepale tena. Ikiwa imeongezeka zaidi ya 0.03, kagua nyundo na skrubu za beringi kabla ya kurudi kwenye presi.